Pampu ya Maji Ikichoka: Kutengeneza au Kununua Nyingine?

Funzo kwa wakulima na vikundi vya unyunyiziaji, Wadi ya Kanyangi na majirani

Katika Wadi ya Kanyangi, na ng'ambo ya Mto Athi upande wa Makueni, wakulima wengi hunyunyizia mimea yao maji kwa kutumia pampu ndogo za petroli. Mvua za vuli zikiisha na zile za masika zikichelewa, nyanya, sukuma wiki, vitunguu na matikiti maji hutegemea mashine hiyo moja. Pampu ikizimika wakati nyanya zimetoa maua, siku chache za jua kali zinatosha kuangusha maua yote. Karo iliyotarajiwa huanguka pamoja nayo.

Kwa sababu hiyo, pampu inapoanza kusumbua, mkulima hukimbilia uamuzi. Wapo wanaompa fundi pesa mara tatu kwa msimu mmoja bila kuona mabadiliko. Wapo pia wanaouza mbuzi na kununua pampu mpya, kisha wanagundua kuwa ile ya zamani ilikuwa na tatizo la mpira uliopasuka tu. Funzo hili linaeleza hatua za kufuata ili pesa ziende mahali panapostahili.

Hatua ya kwanza: kujua kilichoharibika

Pampu ya petroli ni vitu vitatu vilivyounganishwa. Kuna injini inayotoa nguvu. Kuna pampu yenyewe, ambayo ndani yake mna impela, yaani gurudumu lenye mapanga linalosukuma maji. Halafu kuna paipu: ile ya kunyonya kutoka mtoni na ile ya kupeleka maji shambani. Maji yakipungua, kosa linaweza kuwa katika kimojawapo cha hivi vitatu, na gharama zake hazifanani hata kidogo. Ni busara kuanza na kile cha bei nafuu.

Paipu ya kunyonya. Hapa ndipo penye makosa mengi. Tundu dogo, klampu iliyolegea au raba iliyokauka kwenye kiungio huingiza hewa, na pampu inayonyonya hewa hainyonyi maji. Dalili yake ni maji yanayotoka kwa kukatakata yakiwa na mapovu. Kichujio cha mwisho wa paipu nacho kikizibwa na majani au tope, maji hupungua vilevile. Valvu iliyo kwenye kichujio hicho ikishindwa kufunga, maji hurudi mtoni kila pampu inapozimwa, na mkulima hulazimika kuijaza upya kila mara.

Kimo cha maji. Hata pampu mpya kabisa haiwezi kunyonya maji kutoka kina cha zaidi ya mita 7 hivi. Wakati wa kiangazi, mto unaposhuka na visima vya mchangani kuchimbwa chini zaidi, pampu nzima huonekana kama imechoka. Dawa yake ni kuisogeza karibu na maji, si kuipeleka kwa fundi.

Tahadhari: pampu ya petroli isiteremshwe kamwe ndani ya kisima au shimo. Moshi wa injini una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua mtu kabla hajatambua kuwa yumo hatarini. Anayeshuka kumwokoa mwenzake naye huangukia humo humo. Kama maji yako chini mno, kinachohitajika ni pampu ya aina nyingine inayozamishwa majini, inayotumia umeme au jua.

Pampu yenyewe. Maji ya Athi hubeba mchanga na matope, hasa baada ya mvua. Mchanga hula mapanga ya impela kidogo kidogo kama jiwe la kunolea. Injini hunguruma vizuri, lakini maji hayafiki. Sehemu nyingine inayokufa mapema ni sili, ile inayozuia maji yasivuje katikati ya pampu na injini. Sili huungua haraka pampu ikiwashwa kabla ya kujazwa maji. Matone yakionekana chini ya pampu, mahali inapoungana na injini, sili imekwisha.

Injini. Kabla ya kuihukumu, mkulima aangalie oili. Injini nyingi za siku hizi zina kifaa kinachokataa injini isiwake oili ikiwa chini, au ikiwekwa mahali palipoinama. Mara nyingi injini inayosemekana kufa imekosa oili tu. Kisha aangalie chujio la hewa, plagi na petroli. Petroli iliyokaa kwenye tangi tangu msimu uliopita huacha utomvu unaoziba kabureta. Kuisafisha ni kazi ndogo kwa fundi.

Baada ya hayo, injini husomwa kwa dalili zifuatazo:

• Moshi mweusi: petroli inaingia nyingi kuliko hewa. Mara nyingi ni chujio la hewa lililojaa vumbi. Gharama ni ndogo.

• Moshi wa samawati, na oili kupungua kila baada ya siku chache: injini inachoma oili yake. Ringi za pistoni au valvu zimechakaa. Gharama ni kubwa.

• Kamba ya kuwashia kuvutika kirahisi bila kukaza: mgandamizo umepungua ndani ya injini. Gharama ni kubwa.

• Oili kubadilika rangi na kuwa kama chai ya maziwa: maji yameingia kwenye oili. Isiwashwe tena mpaka fundi aione.

• Mlio wa kugonga kutoka ndani: vyuma vimelegea au vimeachana. Injini izimwe mara moja. Ikiendelea kuwaka inaweza kuvunjika kabisa.

Hatua ya pili: kuipima pampu kwa pipa

Kusema "pampu imechoka" hakutoshi. Inafaa kujua imechoka kwa kiasi gani, na kipimo chake hakihitaji chombo cha gharama. Pipa la lita 200, saa ya simu na chupa ya lita moja ya petroli vinatosha.

Kwanza, maji yaelekezwe kwenye pipa tupu na sekunde zihesabiwe mpaka lijae. Pili, petroli ya tangi imalizwe, itiwe lita moja kamili, na dakika zihesabiwe mpaka injini izime. Dakika hizo zikigawanywa kwa muda wa kujaza pipa moja, jibu ni idadi ya mapipa yanayopatikana kwa lita moja ya petroli. Nambari hiyo ndiyo afya ya pampu.

Aliye na pampu mpya anashauriwa kupima siku ya kwanza shambani kwake na kuandika jibu. Asiye na rekodi anaweza kupima pampu ya jirani ya ukubwa uleule, mahali palepale, kwa paipu zilezile, kisha alinganishe.

Hatua ya tatu: kupiga hesabu

Mfano ufuatao ni wa kufundishia tu, na bei zake si za duka lolote. Kila kikundi kitatia bei zake.

Tuseme kuna kikundi cha watu 12, kila mmoja ana robo ekari kando ya mto. Jumla ni ekari 3. Kila ekari hunyunyiziwa mara mbili kwa wiki, na kila mara huhitaji mapipa 96, yaani karibu lita 19,200. Kwa wiki nzima, hiyo ni mizunguko 6 ya mapipa 96.

Pampu yao ilinunuliwa miaka 6 iliyopita. Ilipokuwa mpya ilijaza pipa kwa sekunde 30, na lita moja ya petroli iliwaka dakika 48. Kwa hiyo lita moja ilitoa mapipa 96, na wiki nzima ilikula lita 6.

Sasa pipa linajaa kwa sekunde 75. Wanachama wanakagua paipu ya kunyonya na kukuta raba iliyokauka. Wanabadilisha raba na kukaza klampu kwa shilingi chache. Muda unashuka hadi sekunde 50. Hatua hiyo peke yake imerudisha maji mengi bila fundi. Lakini bado pampu si ile ya zamani, tena lita moja ya petroli sasa inaisha kwa dakika 40. Mapipa kwa lita moja ni 48 tu. Maji yaleyale yanahitaji petroli maradufu: lita 12 kwa wiki badala ya 6.

Ikiwa lita ni shilingi 180, petroli ya ziada ni lita 6, yaani shilingi 1,080 kila wiki. Katika msimu wa wiki 16 ni shilingi 17,280. Pesa hizi hutoka mfukoni kimyakimya na hakuna anayeziandika. Ndiyo maana mkulima anaweza kudhani pampu nzee haimgharimu kitu kwa kuwa bado inawaka.

Fundi anaikagua na kutoa makadirio mawili. Impela na sili pamoja na kazi ni shilingi 4,500. Kufungua injini, kubadilisha ringi, kusaga valvu na kuweka gasketi mpya ni shilingi 11,500. Jumla ni shilingi 16,000. Pampu mpya ya ukubwa huo ni shilingi 30,000.

Kanuni ya nusu

Mafundi wengi na wenye mashine hutumia kanuni rahisi. Kama gharama ya kutengeneza imepita nusu ya bei ya mashine mpya, na mashine yenyewe imekwisha kutumika sehemu kubwa ya maisha yake, ni afadhali kununua nyingine. Gharama ikiwa chini ya nusu, na sehemu nyingine za mashine ni nzima, ni afadhali kutengeneza.

Katika mfano huu nusu ya bei mpya ni shilingi 15,000. Matengenezo yote ni 16,000, na pampu ina miaka 6 ya kazi nzito. Kanuni inasema wanunue.

Lakini kanuni haijui kilichomo kwenye sanduku la kikundi. Tuseme akiba ni shilingi 19,000, na nyanya zimetoa maua. Zimebaki wiki 8 kufika mwisho wa mavuno. Wakikopa kwa haraka, riba italiwa na mazao. Wakingoja mpaka wachange 30,000, maua yataanguka.

Hapo kuna njia ya tatu: kutengeneza kwa ajili ya kuvusha msimu. Wanabadilisha impela na sili peke yake kwa shilingi 4,500 na kuiacha injini kama ilivyo. Tuseme pipa sasa linajaa kwa sekunde 36. Petroli ya wiki inashuka kutoka lita 12 hadi karibu lita 8.6. Kila wiki zinaokolewa takriban shilingi 600, na kwa wiki 8 ni zaidi ya shilingi 4,800. Matengenezo hayo yamejilipa yenyewe kabla ya mavuno kwisha, na nyanya zimepata maji.

Akiba iliyobaki ni shilingi 14,500. Baada ya mavuno, kila mwanachama akitoa shilingi 1,300, zinapatikana shilingi 15,600 zaidi. Jumla ni 30,100, na pampu mpya inanunuliwa bila deni. Ile ya zamani hubaki kuwa ya akiba, au huuzwa kwa fundi anayehitaji spea.

Njia hii ina masharti mawili. La kwanza, injini iwe inachoma oili tu, si inayogonga. Injini inayogonga haivushi msimu. La pili, oili ipimwe kila asubuhi kabla ya kuwasha na kuongezwa inapopungua, maana injini ya aina hiyo ikiachwa siku mbili tatu huweza kukauka na kukwama. Kwa injini inayogonga, ni afadhali kikundi kikodi pampu ya jirani mpaka mavuno, kwa makubaliano yaliyoandikwa kuhusu nani atalipia ikiharibika.

Pampu ya mkono wa pili

Bei yake huvutia, lakini wahenga walisema rahisi ghali. Anayetaka kununua pampu iliyotumika aikute ikiwa baridi, kwa kuwa injini iliyokwisha pashwa moto na muuzaji huficha ugumu wa kuwaka. Aivute kamba polepole asikie kama inakaza. Achomoe kijiti cha oili atazame rangi. Aiwashe kwa muda usiopungua robo saa akitazama moshi na sehemu ya sili. Mwisho apime kwa pipa. Muuzaji anayekataa pipa amekwisha jibu swali. Pia aombe risiti ya kwanza au barua ya mauzo yenye nambari ya injini na sahihi, asije akanunua mali ya wizi.

Anayenunua mpya

Pampu na spea bandia zipo sokoni, na kwa macho hufanana na halisi. Mnunuzi atafute alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Kenya, KEBS. Chini ya alama hiyo huwa na nambari ya kibali. Nambari hiyo huweza kuhakikiwa kwa kutuma ujumbe mfupi wenye SM# ikifuatwa na nambari yenyewe kwenda 20023. Jibu hutaja bidhaa na kampuni iliyopewa kibali. Kama halilingani na kilicho mkononi, bidhaa hiyo isinunuliwe.

Risiti na karatasi ya waranti vihifadhiwe pamoja na vitabu vya kikundi. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa na kulipwa fidia kwa hasara inayotokana na kasoro. Bila risiti ni vigumu kudai haki hiyo.

Kabla ya kulipa, mnunuzi aulize pia kama spea za aina hiyo zinapatikana Kitui mjini au Wote. Pampu ya bei nafuu ambayo sili yake haipatikani karibu itakuwa chuma chakavu siku sili itakapokufa.

Wenye uwezo wafikirie pia pampu ya jua. Bei yake ya kununua ni kubwa zaidi, na hupunguza maji mawingu yanapotanda, lakini haili petroli. Kikundi kinachotumia petroli nyingi kila wiki kinaweza kuona bei hiyo ikirudi baada ya misimu kadhaa. Hesabu ni ileile: petroli ya wiki kuzidishwa kwa wiki za msimu. Ulinzi wa paneli usiku uhesabiwe pia.

Kununua pampu, ya aina yoyote, hakumpi mtu ruhusa ya kuchota maji ya mto. Sheria ya Maji ya 2016 inasimamia uchotaji huo kwa vibali, na anayehusika ni Mamlaka ya Rasilimali za Maji, WRA. Kikundi kisicho na kibali kiulize kabla ya kuwekeza.

Kuifanya mpya isizeeke mapema

Kitabu kinachokuja na pampu kisomwe na kifuatwe. Kwa injini nyingi za aina hii, oili ya kwanza hubadilishwa baada ya saa 20 za kazi, kisha kila baada ya saa 100 au miezi 6. Chujio la hewa husafishwa kila baada ya saa 50, na mapema zaidi penye vumbi jingi kama la Ukambani wakati wa kiangazi. Pampu ijazwe maji kabla ya kuwashwa. Kichujio cha paipu kisilale juu ya mchanga: kiwekwe ndani ya kikapu au ndoo yenye matundu, kiinuliwe kutoka chini. Msimu ukiisha, petroli imwagwe kutoka tangini na kwenye kabureta kwa chombo safi, na pampu isuuzwe kwa maji yasiyo na matope. Oili chafu isimwagwe mtoni, kwa kuwa kuna watu na mifugo wanaokunywa maji hayohayo huko chini.

Kikundi kiwe na daftari moja la pampu. Kila siku iandikwe tarehe, saa za kazi, lita za petroli, oili iliyoongezwa na jina la aliyeiendesha. Kila mwanzo wa mwezi kipimo cha pipa kirudiwe na kuandikwa. Sekunde zikianza kupanda, kikundi kinajua mapema na kuanza kuchanga kabla maua hayajatoka.

Maswali ya kujadili kwenye mkutano wa kikundi

1. Pampu ya kikundi hujaza pipa la lita 200 kwa sekunde ngapi leo?
2. Lita moja ya petroli inatoa mapipa mangapi?
3. Ni nini kilichoharibika: paipu, pampu au injini? Nani amekagua, na amekagua nini?
4. Makadirio ya fundi yameandikwa, kila spea kwa bei yake?
5. Makadirio hayo ni zaidi au chini ya nusu ya bei ya pampu mpya?
6. Zimebaki wiki ngapi kufikia mavuno, na sanduku lina kiasi gani?

Kikundi kikijibu maswali haya sita mbele ya wanachama wote na kuyaandika kwenye kumbukumbu, uamuzi hautakuwa wa mwenyekiti peke yake, na hautakuwa wa fundi. Wanaohitaji usaidizi wa kupanga hesabu au ratiba ya unyunyiziaji wanaombwa kuwaona maafisa wa kilimo wa wadi, au kuuliza katika ofisi ya msimamizi wa wadi.